Uzi Mmoja

Nje ni nyuzi arobaini na moja.
Lami ya Monterrey inang'ata soli za viatu,
Mlima wa Tandiko umefifia
kama picha iliyosahauliwa dirishani.
Nami, orofa ya sita, nimejitanda shali ya sufu,
vidole vimekakamaa juu ya tarakimu,
napiga chafya katikati ya Julai.

Bili ya umeme naiandika mimi.
Kila mwezi imenenepa,
na mkurugenzi huniuliza kana kwamba nimeila:
"Eulalia, pesa hii inakwenda wapi?"
Inakwenda hapa, bwana. Gusa pua yangu.

Upande wa magharibi, penye vioo vitupu,
Rogelio analowa jasho hadi mkandani.
Yeye hulia: punguzeni nyuzi!
Mimi hulia: ongezeni!
Miaka minne tumegombania kidude cha ukutani,
na hakuna aliyewahi kujiuliza
chenyewe kinahisi nini.

Wakubwa walikwisha kuletewa bei ya mashine mpya,
ya kupandishwa paani kwa winchi.
Ndipo akaja fundi Gildo Treviño
na ngazi, na tambara, na tochi ya kufungwa kichwani.
Akaniamkia. Akaitazama shali.
"Bibi, nigawie uzi."
Sisi tumegombea nyuzi miaka yote hiyo,
yeye kaomba mmoja.

Nikauchomoa, mwekundu, pindoni,
shali aliyonifumia mama mkwe kule Saltillo.
Akaufunga kwenye tundu la hewa juu yangu:
uzi ukalala mlalo, ukatetemeka kwa hasira.
Akaupeleka kwa Rogelio:
ukaning'inia. Maiti.

Akaingia darini, miguu tu ikabaki nasi.
Likaanguka vumbi, kikaanguka kikombe cha karatasi,
kisha kikaanguka kicheko:
kilango cha bomba la Rogelio
bado kimezibwa kwa utepe wa wapaka rangi
tangu jengo lilipozinduliwa.

Akashuka, akasimama mbele ya kidude,
akakipima kwa kiganja kama mama apimaye homa.
Chini yake, mashine ya fotokopi
inahema kutwa nzima, pumzi ya moto, puani mwake.
"Maskini," akasema, "kimedhani ofisi yote inaungua."

Halafu akafuata waya.
Waya ukaingia chini ya meza yangu.

Sikujitetea. Ningesema nini?
Hita ndogo, ya siri, miguuni pangu,
miaka minne.
Mimi mweka hesabu, msaka mwizi wa umeme:
kikulacho ki nguoni mwako.
Baridi tulikuwa tunainunua,
kisha tunanunua moto wa kuifukuza,
na risiti zote mbili nazifaili mimi.
Hakunikaripia. Aliichomoa kwa vidole viwili,
taratibu, kama mwiba unyayoni mwa mtoto.

Usiku tatu alifanya kazi.
Kidude kikahamishwa hatua sita.
Kule paani akaosha mapezi ya mitambo,
yaliyozibwa na manyoya ya njiwa na nywele za vumbi.
Vioo vya Rogelio vikavishwa chandarua kwa nje,
maana jua likishapita kioo, alisema, ni mgeni aliyelala.
Na saa kumi alfajiri, upepo wa milimani ukishapoa,
akalifungulia jengo madirisha
linywe usiku.

Bili ya Agosti niliifungua mara mbili.
Nikatoa, nikahakiki, nikatoa tena.
Imepungua robo, na chenji juu.
Mkurugenzi akaisoma, akatikisa kichwa:
"Mwaka huu hali ya hewa imetuhurumia."
Wiki ile ilikuwa arobaini na mbili.

Rogelio bado analalamika, kwa mazoea.
Uzi bado uko juu yangu, unayumba kidogo tu.
Shali iko mgongoni mwa kiti,
na pengo pindoni.

Gildo alirudi kudai peso mia na themanini
za sabuni ya kuoshea mapezi.
Wakamtaka risiti. Hana.
Nikaiandika mwenyewe.