Hodi Fupi

Mafinga. Saa mbili, na ukungu
bado umelalia mbao za paini uani.
Huu ni mlango wa nne kuharibika:
ua linaanza vizuri, petali ya tatu
inahamia kushoto nusu kidole,
kama mwandiko wa mtu anayesinzia.

Nimekaza skrubu. Nimebadili mkanda.
Nimeipapasa mota: ina joto, haina kosa.
Kihwele, mwenye milango, analaumu mbao mbichi.

Atuganile kashuka basi la usiku kutoka Uyole,
kipimo chake cha kioo kimefungwa kwa kitenge.
Hakuigusa mota.
Alichomeka ncha kwenye pini ya mapigo, akaniita:
vijiti vya mwanga, vyembamba, vyembamba mno.

“Kompyuta yako inapiga hodi na kukimbia.
Draiva haijafika hata mlangoni.”

Tukalirefusha pigo:
maikrosekunde mbili zikawa tano.
Muda ambao hata kope haiujui.

Petali ya tatu ikakaa.
Ya nne. Ya tano.
Kihwele akaacha kuongea habari za mbao.

Ya saba ikasogea, unywele tu.
Nikamtazama.
“Hiyo ni waya wa ardhi,” akasema,
akipuliza vidole vyake.
“Chai kwanza.”