Kifungo cha Tatu

Koti la marehemu baba lina vifungo vitatu vya shaba.
Cha kwanza kinafunga.
Cha pili kinafunga nikibana pumzi.
Cha tatu na tundu lake vinatazamana
kama majirani waliogombana,
na katikati yao tumbo langu,
msuluhishi aliyekula rushwa.

Harusi ya Radka ni Septemba.
Nimeshasema mbele ya watu, Ostrava nzima imesikia:
nitavaa koti hili.

Basi tangu Machi naamka saa kumi na moja alfajiri,
kabla ya zamu,
nakimbia kandokando ya mto,
kilomita sita, magoti yakilia kama breki za tramu namba nane,
Vendula na kipenga chake nyuma yangu kwa baiskeli,
binti wa miaka ishirini na sita, hana huruma, ana daftari.
"Andika kila kinachopita mdomoni."
Nikaandika. Mkate mweusi, vipande viwili. Yai. Tufaha.
Kabichi, kabichi, kabichi tena,
mpaka ndoto zangu zikanuka kabichi.

Mzani haukuona haya:
tisini na nane.
Wiki ya sita, tisini na nane.
Nikaupiga teke.
Tisini na nane.

"Otakar," Vendula akauliza, kalamu sikioni,
"Ijumaa huwa unakunywa maji?"
Nikacheka. Nani anaandika bia?
Bia si chakula. Bia ni Ijumaa yenyewe.

Akapiga hesabu nyuma ya tiketi:
bilauri sita, nusu lita kila moja,
kalori mia mbili na ushei mara sita,
ongeza jibini la kukaanga la saa sita usiku
ambalo, nilikiri, nalo sikuliandika
kwa sababu sikulila mimi; lililiwa na bia.

Kisha akanieleza kwa lugha yangu, ya reli:
"Ini lako ni njia panda. Mafuta ni tramu,
zimepanga foleni, taa ya kijani inawaka.
Pombe inakuja na king'ora kama gari la zimamoto.
Mwili hauna ghala la kuiweka,
lazima ipite kwanza, yote, hadi tone la mwisho.
Tramu zinasubiri. Alfajiri bado zinasubiri,
nawe umeshazipakia abiria wa jibini."

Nikazikumbuka Jumamosi zangu:
usingizi wa kukatikakatika kama redio ya mlimani,
moyo ukienda mbio nami nimelala,
na misuli niliyoichana Alhamisi
ikimngoja fundi
aliyelewa.

Lakini Vendula hakijui kiti kile.
Mezani kwetu, chini ya saa iliyosimama, kiti cha Lumír.
Tulichimba naye makaa kabla mgodi haujafungwa.
Kila Ijumaa tunamwagizia yake,
povu linashuka taratibu mbele ya hakuna mtu,
na ikifika saa nne mmoja wetu humnywea.
Mara nyingi ni mimi.
Hiyo niiandike wapi?
Safu ya kalori, au safu ya matanga?

Ijumaa iliyofuata nikaagiza maji na ndimu.
Meza ikanyamaza. Zbyněk akanigusa paji la uso, kupima homa.
"Umeokoka?"
"Nina kifungo," nikasema.
"Cha miaka mingapi?"
Wakacheka hadi povu likawatoka puani,
nami nikacheka nao, mkavu,
na kicheko cha mkavu kinakwaruza koo.

Saa nne ilipofika, bilauri ya Lumír nikainywa.
Moja. Polepole. Ilikuwa imeshapoa utamu.
Nyumbani nikaiandika kwa mwandiko mzuri:
*Lumír, nusu lita.*
Vendula akasoma. Akageuza ukurasa.

Leo ni Agosti. Tisini na moja na nukta tatu.
Kifungo kimeligusa tundu,
kimeingia nusu,
kimechungulia upande wa pili,
kikarudi.

Nje mvua inanyesha.
Natafuta kiatu cha kushoto.