Mguu wa Kwanza

Asali ikichemka haitaki kupewa kisogo.
Nimegeuka kidogo tu, kumkanya Tekla asionje,
nayo imeungua.
Nafungua dirisha. Baridi ya Zestaponi inaingia
pamoja na harufu ya kiwanda, chuma kikavu ulimini.
Nasugua sufuria, naanza upya.
Laiti mwaka nao ungesugulika hivi.

Tekla anapasua jozi kwa nyundo ya babake.
Jozi, jina limeshasema:
nusu mbili zilizobanana gizani,
na kati yao kiambaza chembamba kama karatasi.
Ndivyo tulivyolala, mimi na Badri, Machi nzima,
baada ya kuuza mizabibu ya kando ya mto
ili Malkhazi apate nauli ya basi la Poland.
Nani alisema tuuze? Mimi.
Nani alilia? Yeye, zizini,
akidhani ng'ombe hasemi.

Sasa kijana anapanga kuku kwenye mafriza, zamu ya usiku,
katika mji ambao jina lake nalitamka
kama ninywavyo dawa chungu, kwa mkupuo.
Ananitumia pesa, na picha za theluji,
kana kwamba kwetu theluji imekwisha.
Sijamwambia kuwa kitandani pake nimeanika vitunguu.
Chumba kile kina ubaridi mzuri.
Kwa vitunguu.

Mama mkwe kajikunyata karibu na jiko,
mikono imelala mapajani kama glavu za mtu mwingine.
Tangu Agosti ananiita Marusia,
dada yake aliyezikwa kabla sijazaliwa.
Mwanzoni nilimsahihisha. Siku hizi naitika.
Miaka ishirini na mmoja aliniita "wewe";
acha nipate jina uzeeni mwake,
hata likiwa la marehemu.

Huku kwetu, atakayevuka kizingiti wa kwanza
saa sita ikishalia
ndiye anayetuletea mwaka, mguuni mwake.
Tangu ana miaka saba, alikuwa Malkhazi.
Tulimtoa nje na peremende mfukoni, meno yakigongana,
akabisha hodi kama mkuu wa wilaya.
Leo nani?
Otari wa jirani amejitolea.
Mwaka alioingia Otari tulimzika baba mkwe
na ng'ombe akaharibu mimba.
Nimemwambia asijisumbue, njia inateleza.

Saa sita. Fataki. Mbwa yuko chini ya meza.
Simu tumeiegemeza kwenye mtungi wa divai,
Malkhazi yumo ndani, na kofia ya nailoni kichwani,
anatafuna, anauliza, "Nani kaingia?"
Tunatazamana.
Badri anatafuta kiatu cha pili.
Mara, hodi.

Ni Pelagia.
Hakuna aliyemwona akitoka.
Kandambili miguuni, theluji hadi vifundoni,
ngumi imejaa peremende alizozichuma
kwenye ule mti wetu wa nyuzi nyeupe za mbao.
Anatanguliza mguu wa kulia,
anayasema maneno yote, halikupotea hata moja:
Mungu na awarehemu, mguu ni wangu, nyayo ni za malaika.
Bibi huyu asubuhi hakujua kijiko kinashikwa vipi.
Kisha ananigeukia, pua juu.
"Marusia," anasema, "asali umeiunguza."

Malkhazi anacheka hadi picha inaganda,
mdomo wazi, meno ya babake.
Tekla anaaga skrini, anaibusu, anaichafua.
Badri ananishika kiwiko. Hasemi kitu.
Nami simwulizi.

Sisi ni watu wa kalenda mbili.
Tarehe kumi na nne kuna mwaka mpya mwingine, ule wa zamani,
wa babu zetu na wa waliochelewa.
Basi kutoka Poland huchukua siku tatu, nne barafu ikifunga njia.
Hajasema anakuja. Mimi nimehesabu tu.

Wote wamelala sasa.
Vitunguu nimevihamishia chini ya ngazi,
kwa muda.