Gari Linaloamka Nyuma Kwanza

Usiku lilikuwa linalala.
Sisemi liliegeshwa. Nasema lililala:
lilishuka polepole, kama ng'ombe aliyeshiba,
mpaka tumbo likakaribia kokoto za uwanja wetu, Sokomatola.

Lilikuja likiburutwa na trekta la shamba la chai
kutoka Tukuyu, mvua ya huko ikiwa bado ndani ya mazulia.
Sitroeni nyeusi ya meneja. Dereva wake, Gwakisa, mtu wa haraka,
alikosa mafuta ya kijani, akatia ya breki za Landrova.
Mafuta ni mafuta, alisema.
Baba alichovya kidole, akanusa, hakumtukana.
Alifungua boneti akanyamaza
kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Njoo na taa, Tusajigwe.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikashika karabai
mpaka mkono ukafa ganzi.
Tafuta springi, aliniambia. Nikatafuta. Hamna.
Kila gurudumu lilikuwa na tufe la chuma, kama boga changa,
na ndani yake kiwambo cha mpira:
huku gesi, huku mafuta.
Shimo likija, gurudumu linasukuma mafuta,
mafuta yanasukuma gesi, gesi inajikunja,
inasamehe, inarudisha.
Aliyechora hili, baba alisema,
aliwahi kupita njia mbaya na mgonjwa kiti cha nyuma.

Wiki sita. Mabomba membamba yamepangwa juu ya mkeka wa mama,
sili zimevimba kama vidole vya mfuaji nguo.
Kopo la mafuta lilikuja kwa treni kutoka Zambia,
limefungwa ndani ya blanketi kama mtoto.
Gesi ilitoka Uyole, kwa bwana mifugo,
kule mbegu za madume hutunzwa kwenye baridi inayofuka moshi.
Sitaeleza walivyoishindilia kwenye matufe.
Siku hiyo mama alituhamishia watoto Mwanjelwa,
na baba alikuwa kiziwi wa sikio moja mpaka Pasaka.

Alilisifu, alililaani.
Kuifikia starta alilala kwa ubavu siku mbili
akiwataja mama zao wahandisi wa Paris, kwa Kinyakyusa,
tena kwa utaratibu.
Kisha alinikalisha nyuma ya usukani wenye mkono mmoja,
nikaukata kulia, nikauachia,
ukarudi wenyewe katikati
kama mtu aliyekumbuka alikuwa anasema nini.
Kioo cha nyuma kilibonyea kwa ndani.
Kwa nini, baba?
Ili upepo ukifute. Hawakutaka kuulipa mshahara.

Asubuhi ya majaribio kulikuwa na umande mweupe,
Loleza haionekani. Aliwasha. Hakuna kitu.
Gwakisa alikohoa.
Halafu pampu ikaanza kugonga, tak, tak, kama kuku anayedonoa debe,
na gari likainuka.
Nyuma kwanza. Likatulia, likafikiri. Kisha pua.
Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya uji
akasema, Yesu wangu, limesimama.

Meneja alihamishwa kabla hajalipa.
Likabaki letu bila karatasi, miaka tisa,
likitupeleka kanisani juu ya mashimo ambayo hatukuyajua
mpaka tulipopanda magari mengine.
Mwishowe walikuja vijana wa vyuma chakavu, wakalipima kwa kilo.
Nilificha tufe moja. Linazuia mlango wa ofisi yangu,
nami nachora madaraja, na kila mstari ninaouchora
nauuliza: ukielemewa, unajikunja wapi?

Baba ana miaka themanini na mbili.
Jana nilifika kwake alfajiri, kuna baridi ya Juni.
Alikuwa anatoka kitandani: mgongo umetangulia,
mikono bado kwenye godoro, kichwa chini.
Nikasogea nimshike.
Ngoja, akasema. Usiguse.
Mafuta yanapanda.