Mwanamke wa Nta

Mlangoni waliandika: wazee bure.
Bibi Lai Kiew akakataa. "Lipa, nisije kudaiwa."

Ndani, baridi ya mashine.
Nyuma ya kioo mwanamke wa nta ameinama,
pama la ukili kichwani, sinia la mbao mikononi,
miguuni maji ya plastiki yasiyokwenda popote.

Bibi alimkagua kama samaki wa jana.
"Huyu anaosha mchele.
Bati haliombwi hivyo. Mgongo chini!
Kiuno ndicho kizunguke,
chepesi kiende, kizito kibaki."

Akaniachia mkoba, akachuchumaa,
mikono mitupu ikizungusha hewa.
Niliona haya.
Watoto wa shule wakashusha simu.
Mlinzi hakujua amkataze au apige makofi.

Kibao kinataja tani, miaka, makampuni.
Hakitaji ruba,
wala mama yangu, mchanga, mgongoni katika mbeleko,
wala chembe nyeusi zilizolala ndani ya shungi la nywele
siku mnunuzi alipopunja mizani.

"Hizo," aliniambia ngazini, "usimwambie mtu."

Nje mvua ya Kampar ilipiga mabati.
Tulingoja basi.
Mkono wake, mfukoni,
ulikuwa bado unazunguka.