Mkono Sakafuni

Senkondo amelala chini ya Pijo tangu saa mbili,
inaonekana miguu tu, kandambili moja bluu, moja nyekundu,
na sauti yake inatoka huko kama ya mtu aliye kisimani:
"Nipe kumi na tatu. Si hiyo. Ya ringi."

Gereji hii ya Pasua haina paa upande wa mashariki.
Mlima umejifunika, hakuna anayeuulizia.
Sisi tuna tundu la kutoboa.

Baba aliinunua mwaka ule kahawa ilipolipa,
Pijo 404, rangi ya maziwa yaliyolala,
na mkono wa gia ulikaa pale ulipozaliwa,
shingoni mwa usukani, mwembamba kama mguu wa korongo.
Aliusukuma kwa vidole viwili.
Kwa vidole vile vile alipokea kahawa chamani,
akizungusha punje kiganjani: "Hii imenyeshewa."
Sikuwahi kumwona akiutazama.

Kisha Februari, kiharusi.
Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi, unachechemea.
Bega la kushoto halikurudi.
Mkono unafika kitovuni, basi,
haupandi zaidi, hata kwa kuombewa,
na gia ya pili iko juu kabisa.

Nikamwambia: tutaishusha gia iufuate mkono.
Alinyamaza siku mbili.
Ya tatu akasema, "Mwanangu, gari halikatwi kitovu mara mbili."
Nikaagiza hivyo hivyo.

Boksi lilikuja na basi kutoka Dar,
limeandikwa linafaa magari yote, maana yake halifai lolote.
Senkondo alivimwaga vyuma juu ya gunia, akavihesabu,
bolti tano, matundu sita.
Akacheka: "Aliyetengeneza hivi hajawahi kuona Pijo.
Na mimi sijawahi kumwona yeye. Tutaelewana."

Kielelezo tulikikata kwenye boksi la sabuni.
Tukachora duara kwa chaki, tukapima, tukafuta, tukapima.
Drili nilishika mimi.
Chini ya zulia nilikuta punje tatu za kahawa
zimekauka kama kucha.
Nikazitia mfukoni,
kisha nikatoboa.

Nilipoingiza gia ya kwanza, Pijo ilirudi nyuma
ikaangusha ndoo ya oili chafu na kiti cha muuza chai.
Fimbo zilikuwa zimepishana.
Mara ya pili zikaingia gia mbili tu, nyingine zikagoma.
Bushi ikaenda kwa Kimaro wa kerezo, ikarudi, ikaenda tena.
Tukala makande tumesimama, hatusemezani.

Saa kumi na moja jioni: klak.
Si klak ya chuma kugombana na chuma,
ni ya mlango wa kabati
katika nyumba ya mtu mpangilifu.
Moja, mbili, tatu, nne. Rivasi pembeni, kwa kubonyeza.
Senkondo akajivuta nje, uso wote grisi, meno tu meupe,
akadai bei ya jana na ya leo.

Kirungu cha plastiki nilikitupa.
Nilichonga kingine kwa mbuni mzee wa Kibosho
uliokufa umesimama, nikaupaka mafuta ya nazi.
Mkono wa zamani baba aliuomba.
Sasa ndio komeo la banda la ng'ombe.

Jumamosi akakaa kwenye usukani.
Akakanyaga klachi.
Mkono wa kushoto ukaanza safari yake ya miaka yote,
ukafika kitovuni, ukatetemeka,
ukashika hewa.

Nilitazama nje, kwenye migomba ya jirani,
nikahesabu mikungu, nikakosea, nikaanza upya.
Kisha nikasikia klak.

Tulishuka hadi darajani Karanga bila neno.
Pale akapunguza mwendo, akaisikiliza gari
kama alivyokuwa akisikiliza punje.
"Ya pili inakwaruza kidogo," akasema.
"Mwambie Senkondo."