Aliyeishia Ukurasa wa Tisini na Mbili

Nakala ya maktaba ya Huddersfield
imepita mikono kumi na minne kabla ya wangu;
mihuri ya tarehe imebanana mwanzoni
kama mashahidi kwenye benchi la mahakama.
Mpelelezi wa kukodiwa, Donagh Furey,
mji wa Dundalk, mvua, pua iliyovunjwa mara mbili,
mjane mwenye bahasha, maiti mtaroni,
na chupa. Kila sura ina chupa yake.

Jumanne jioni tunakaa duara, watu watano,
biskuti za tangawizi, hita inayogugumia.
Bwana Crowther, polisi mstaafu, huanza yeye,
na leo anaanza na glavu:
"Haokoti mtu kisu cha ushahidi kwa mkono mtupu!
Kwa kosa hilo tu angefukuzwa kazi."
Gurdev Sahota, aliyeendesha basi la Halifax miaka ishirini na tisa,
anamjibu kwamba Furey alishafukuzwa, ukurasa wa nne,
soma kwanza, bwana, ndipo uhukumu.
Keziah amehesabu matusi. Mia mbili na kumi na moja.
Ameyachorea vijiti, vitano vitano, kwenye risiti ya duka;
anasema hajaona neno moja likiajiriwa kazi nyingi hivyo,
asubuhi nomino, mchana kitenzi,
usiku wa manane linakuwa sala.

Mimi nilikisoma zamu ya usiku,
nyumba ya wazee kule Lindley, kati ya kengele na kengele,
nikijaribu kumhamishia Furey kwenye lugha yangu.
Hakuhamika. Matusi yetu yamebeba mama za watu;
yake yamebeba mvua, na kodi ya nyumba iliyochelewa.
Nikamwachia matusi yake
nikashika kilichosalia: hasira ya mtu mwenye haya.

Bernadette Loftus alikuwa bado hajasema.
Kitabu chake kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki,
umepigwa fundo, kama kwamba kinavuja.
Tulipomfikia alisema: kichafu.
Akasema: sisi si watu wa namna hiyo.
Baba yake alikuja kutoka Mayo na koleo,
akachimba nusu ya barabara tunazozikanyaga hapa,
na Jumapili shati lake lilikuwa jeupe kuliko la padri.
Mbona shati hawaliandiki?

Hita ikaendelea kuongea peke yake.

Gurdev ndiye aliyeuliza, taratibu, amefika wapi.
"Tisini na mbili."
Tunaujua. Hamna maiti ukurasa ule, hamna hata ngumi.
Furey anarudi saa tisa usiku, anavua viatu mlangoni
asimwamshe mtu, na mtu wa kuamka hayupo,
anainua mfuniko wa tangi la choo,
anatumbukiza mkono hadi kiwiko kwenye maji ya baridi.

Bernadette akautazama mkono wake mwenyewe.
"Mama alidhani ni bomba," akasema.
"Miaka kumi na mmoja anamwita fundi bomba."
Kicheko kikamponyoka kabla hajakiziba,
tukacheka naye, kisha tukaona hatukupaswa,
kisha akacheka tena.

Kwetu husema mficha maradhi, kifo humuumbua;
hawasemi kitakachomuumbua mkewe.
Kwetu chupa ilikaa ndani ya pipa la unga,
na hilo sikulitoa kwenye duara.
Nilipokea biskuti nisiyoitaka, nikaila.

"Hata hivyo," akasema Crowther, "kile kisu."

Nje, kituo cha basi, mvua ya Yorkshire, ile isiyoanguka
bali inakaa tu hewani ikikungoja,
Bernadette akaniuliza bila kunitazama:
"Mwishoni anapona?"
Nikamwambia sijafika huko,
mimi niliyemaliza tangu Ijumaa.
Akaliangalia lile fundo la mfuko wake,
akalifungua kwa meno,
maana yeye alikuwa amevaa glavu.